Paleti, kuni na miche: nani anaangalia kinachoingia karibu na Arabuko?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwezi wa pili. Mimi ni fundi seremala hapa Malindi, mwaka wa 19 huu niko na randa mkononi, na nimezaliwa upande wa Gede ambako ukitoka nyuma ya nyumba unauona msitu wa Arabuko-Sokoke. Habari za huo msitu mnaziandika sana na nashukuru, mara wakataji magogo wameshikwa, mara makaa yamenaswa barabarani, mara ndovu ametoka nje ya fensi. Lakini habari za wadudu wageni, wale wanaokuja na mizigo kutoka nchi za mbali, sizisomi kabisa, na mimi naona hao wanaweza kuuharibu msitu kuliko msumeno, tena polepole mpaka tukija kushtuka watoto wetu washakuwa wazee.

Nianze na kilichonipata. Siku hizi mbao ni ghali wote mnajua. Mbambakofi hupati, na ukiletewa ujue imetoka mahali si halali. Muhugu ndo usiseme, wachongaji wengi wa hapa Malindi wenyewe waliuacha wakahamia mwarobaini. Kwa hivo sisi mafundi wadogo tunanunua paleti, zile mbao za kukalishia mizigo ndani ya kontena, mzigo ukishatolewa Mombasa paleti zinauzwa, lori linazileta mpaka huku. Tunang'oa misumari, tunapiga randa, vinatoka viti vya baraza, stuli, vitanda vya watoto, meza za hoteli. Nimesomesha watoto kwa paleti, sizidharau hata kidogo.

Sasa siku hio kijana wangu wa kazi akaniita, "Fundi, njoo uone, hii mbao inatoa unga." Nikaishika. Kwa juu haina neno, mbao nyeupe, nyepesi, safi. Pembeni kuna matundu matatu ya mviringo, penseli ingeingia, na ukigonga kwa nyundo unga unamiminika laini kama umepita kwenye chekecheo. Mchwa nawajua, mchwa huacha udongo, hawaachi unga msafi namna hio. Hawa wadudu wetu wanaobungua mbao kavu pia nawajua, tundu lao ni la sindano. Nikaipasua kwa patasi. Ndani njia imepinda imepindua, imeshindiliwa unga, na mwisho wa njia kuna funza mweupe, mnono, urefu wa kiungo cha kidole, kichwa cha kahawia, anajikunja. Yuko hai. Mbao imevuka bahari, ikakaa bandarini, ikapanda lori, na yeye bado yuko ndani anakula.

Nikakifunga kile kipande kwa nailoni nikapanda boda mpaka ofisi moja ambayo nilidhani inahusika, sitaitaja. Yule kijana wa mapokezi akaniangalia akasema, "Mzee, si huyu ni dumuzi tu?" Nikamwambia mwanangu mimi dumuzi namjua, huyu siye. Akasema anayehusika yuko semina, nirudi Jumatatu. Jumatatu nikarudi, hayuko. Alhamisi nikarudi, nikaambiwa nikitupe tu. Nilitaka mtu mmoja aniambie huyu ni nani na ametoka wapi, basi, sikutaka fidia wala karatasi.

Jioni hio nikampigia mtoto wa dada yangu anayesomea misitu chuoni. Swali lake la kwanza, "Mjomba, hizo paleti zina muhuri?" Muhuri gani, mimi miaka yote hio napiga randa juu ya muhuri sijui maana yake. Kumbe kuna kanuni ya kimataifa, inaitwa ISPM 15, mbao ya kufungia mizigo inayovuka mipaka inatakiwa ipashwe moto mpaka katikati ya mbao ifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, ama ipigwe gesi ya kuua wadudu, alafu igongwe muhuri wenye mchoro wa suke la ngano, herufi IPPC, herufi mbili za nchi ilikotoka, na HT kama ni moto ama MB kama ni gesi. Nikarudi karakana na tochi nikapindua paleti moja moja. Zilikuwa 31. Zenye muhuri 22. Zile 9 hazina kitu, na ile ya funza ni mojawapo.

Ndo mpwa wangu akanieleza kisa cha Marekani ambacho kila fundi mbao angefaa akijue. Kule kuna mti unaitwa ash, wanautengenezea vipini na magongo ya besiboli, mti mgumu wenye nyuzi zilizonyooka. Mwaka 2002 karibu na mji wa Detroit, jimbo la Michigan, miti hio ikawa inakauka, wakachunguza wakakuta mbawakawa wa kijani anayeng'aa kama kito, urefu kama sentimita moja na kitu, asili yake mashariki ya Asia, na wanaamini alifika ndani ya mbao za kufungia mizigo, yaani haya haya mapaleti na makreti. Yeye mkubwa akila majani si neno sana. Mtoto wake ndo balaa, anakaa chini ya gome anachimba njia za kupinda kama nyoka, anakata mle chakula cha mti kinamopita, na mti mzima wa makamo unakufa ndani ya miaka 2 mpaka 4. Makumi ya mamilioni ya miti imekwenda. Kilichonishtua zaidi ni kwamba waliposoma pete za miti iliyokufa waligundua huyu mdudu aliingia tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Yaani karibu miaka 10 anakula na hakuna aliyemuona! Alafu kuni zikamsambaza, mtu anapakia kuni kwa gari aende nazo mbali, mdudu amepata lifti.

Nikamuuliza sasa kwao Asia mbona miti haijaisha. Akasema kule wamezoeana. Mti umeishi na huyo mdudu maelfu ya miaka, una sumu yake ndani ya gome, una utomvu wa kumziba, na kuna nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya funza, kuna ndege, kuna ukungu wa kumuua. Mdudu akisafirishwa peke yake anaacha maadui wake wote nyuma, anakuta mti ambao haumjui, ni kama ile ndui ilipoingia kwa watu ambao hawajawahi kuiona. Ndo maana mimi sitaki watu wasome barua hii waanze kuua kila mdudu. Chonga anayetoboa minazi yetu ni wa hapa hapa, anasumbua lakini minazi na yeye wanajuana. Mchwa ni wetu, msituni wao ndo wanaozesha magogo yakawa udongo. Hao waachwe na kazi yao.

Sasa tuseme mti umekufa, kwani si utaota mwengine? Hapo ndo mimi mwenyewe nilikuwa sielewi. Mti mkubwa ukianguka kwa uzee katikati ya msitu wenye afya, kweli, pale pana miche yake inangojea jua, inapanda, pengo linazibika. Lakini mdudu mgeni haui mmoja, anaua aina nzima, wazee na wa makamo kwa pamoja, na wale wadogo wakifika unene anaoutaka anawarudia. Mbegu zinakatika. Jua linapiga chini mahali ambapo halijapiga miaka 200, udongo unakauka, na wanaokimbilia kuota hapo ni wale wa mbio, lantana na huo mwarobaini wetu ambao uliletwa kutoka Bara Hindi na saa hii unajipandia wenyewe kwenye misitu ya pwani. Ukija baada ya miaka 30 utaona kijani, utasema msitu upo. Ni kijani cha miti mingine. Ndege aliyekuwa anakula tunda la ule mti hayuko, kipepeo ambaye kiwavi wake hula jani la mti ule tu hayuko, na yule aliyekuwa anakula kiwavi naye amehama ama amekufa. Kule kule Marekani kuna mdudu mwengine mdogo kama chembe ya pamba, asili Japani, alionekana jimbo la Virginia mwaka 1951, yeye hunyonya miti inaitwa hemlock ambayo huota kando ya vijito milimani, miti ikafa, kivuli kikaondoka, maji yakapata joto, mpaka samaki wa maji baridi wakaathirika. Hebu fikiria, mdudu wa kwenye jani anamtesa samaki.

Kuna atakaesema hayo ni ya Wazungu. Hapana. Mwaka 1990 Kenya iliingiliwa na kidukari wa miti ya sipresi, alikuwa ameshaonekana Malawi mwaka 1986, akakausha sipresi za kupandwa na akashambulia hata mutarakwa, ambao ni mti wetu wa asili wa milimani. Kule Malawi akaupiga mwerezi wa Mulanje, mti wa taifa lao. Mwaka 1992 akaja mdudu wa lusina, ile miti ya kulishia mifugo, wazee waliokuwa wanafuga mbuzi wa maziwa hapa pwani waulizeni jinsi lusina zilivopukutika vichwa. Mwaka 2003 akaonekana yule nzi wa matunda kutoka Asia, na huyo nani hapa Malindi hamjui, unapasua embe zuri la nje ndani linatembea, na mnakumbuka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa ajili yake. Huyo nzi haishii shambani, anazaa hata kwenye matunda ya mwituni kama mng'ongo, kwa hivo msitu unakuwa maficho yake. 2016 zikawa papai, zikaingiwa na wale wadudu weupe kama pamba. Hii pwani yetu ndo mlango, kila kitu kinapitia kwetu kwanza.

Na kisa cha Laikipia mimi kilinitoa machozi, si utani. Kule kuna migunga midogo yenye vijinundu vya miiba, na ndani ya vijinundu wanaishi chungu wa asili. Ndovu akija kula, chungu wanamuingia kwenye mkonga wanamuuma, anaacha. Basi wakaingia chungu wageni wenye kichwa kikubwa, inadhaniwa asili yao ni kisiwa cha Bahari Hindi, wakawaua wale walinzi na wakala mayai yao. Migunga ikabaki haina mlinzi, ndovu wakaivunja mara 5 mpaka 7 zaidi ya ile ambayo wageni hawajafika. Uwanda ukawa mweupe, simba akakosa pa kujificha, punda milia akawa anamuona mapema anakimbia, simba akabidi ageukie nyati. Hayo aliyatoa mtafiti wetu Mkenya, Douglas Kamaru, na wenzake, kwenye jarida la Science, Januari 2024. Chungu wa kukanyaga kwa kandambili amebadilisha chakula cha simba! Na sisi Arabuko tuna ndovu pia, wako ndani ya fensi, hawana pa kwenda.

Mwengine wa kuogopwa ni huyu wa Afrika Kusini. Mwaka 2017 waligundua mbawakawa mweusi wa milimita 2 hivi, asili yake kusini mashariki ya Asia, kwenye bustani ya mimea mjini Pietermaritzburg. Huyu hali mbao. Anatoboa, anapanda ukungu wake ndani ya tundu, anakula huo ukungu kama mtu anavolima mchicha, na ukungu ndo unaoziba mishipa ya mti. Amefika mpaka George na Knysna kwenye misitu yao ya asili. Jike mmoja tu anatosha kuanzisha ukoo, manake anazaa humo humo, watoto wanapandana humo humo kabla hawajatoka nje. Mmoja, kwenye kigogo cha kuni. Mpwa wangu aliponiambia hivo nikaangalia lile rundo langu la vipande vya paleti pale nje, ambalo kila jioni kina mama wa jirani huja kuchukua kuni, wengine wanazibeba kwa boda mpaka Gede na Mida. Nimekuwa nagawa kuni hizo miaka.

Arabuko-Sokoke ni kama kilomita za mraba 420, umetangazwa msitu wa serikali tangu 1943, na ndo kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha msitu wa aina hii katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Ukiingia ndani utaona umegawanyika. Upande wa mashariki miti ya kila aina, mbambakofi na wenzake. Katikati kwenye mchanga mweupe ni mrihi, mrihi, mrihi. Magharibi kwenye mchanga mwekundu kichaka kizito. Sasa lile eneo la mrihi mimi naliogopea sana kwa sababu limesimama juu ya mti mmoja. Mdudu akija ambaye kazi yake ni mrihi, hajaacha kitu. Na ule ndege mnana wa Clarke, ambaye duniani kote hayuko ila kaunti hii yetu ya Kilifi, anaishi kwenye hio mirihi, hapa na Dakatcha. Hana msitu wa akiba. Kaya zetu nazo, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zile zilizoingizwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2008, nyingi ni vipande vidogo vimezungukwa na mashamba na nyumba, na mdudu wa kwenye rundo la kuni haulizi lango la kaya liko wapi.

Na ndugu zetu wa Lamu wasijione wako mbali, bandari yao ilifunguliwa Mei 2021, meli zitaongezeka na paleti zitaongezeka, na barabara ya kutoka huko inapita hapa. Tena waliokwenda Arabuni watakwambia habari ya yule fukusi mwekundu wa mitende, aliingia kule miaka ya 1980 akitokea Asia, anachimba ndani ya shina, mtende unaonekana mzima siku unaanguka. Yeye husafiri na mitende ya mapambo. Hapa mahoteli yanaleta mitende ya mapambo kila siku, na mkindu wetu tunaosukia mikeka ni wa ukoo mmoja na mtende.

Naomba nini basi. KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, ndo wenye kazi ya kukagua mimea na mbao pale zinapoingia nchini, ila paleti ikishatoka bandarini ikauzwa mitaani inakuwa haina mwenyewe, na hapo ndo naomba kaunti na wao wakae chini, paleti isiyo na muhuri isiuzwe, ichomwe huko huko inakoshuka. Najua mbao itapanda bei na mimi nitaumia wa kwanza, niko tayari. Naomba kuwe na mahali pamoja hapa Malindi, hata kama ni dirisha moja na mtu mmoja, ambapo fundi ama mkulima akipeleka mdudu anapokelewa na anaandikwa. Ranja, wafugaji nyuki na wale wanaofuga vipepeo pale Gede chini ya mradi wa Kipepeo tangu 1993, hao wako msituni kila siku, wao ndo wataona mti umenyauka kabla ya mtu wa ofisi, wafunzwe waangalie nini: unga chini ya shina, matundu mapya, utomvu unaovuja, majani ya juu yanayokauka wakati wa mvua.

Lakini nawaomba sana wasije wakafikiria kupiga dawa msituni. Ukipiga dawa umeua nyuki, umeua vipepeo wanaolisha familia pale Gede, umemuua njaa sengi anayechakura wadudu kwenye majani makavu, na yule aliye ndani ya gome hata haijamfikia. Wenye elimu wana njia zao. Ule ugonjwa wa mihogo wa yule mdudu mweupe, miaka ya 80, ulitulizwa na nyigu mdogo kutoka Paraguay, kazi ya Hans Herren ambaye alipewa tuzo ya chakula ya dunia mwaka 1995. Ila walimpima kwanza, na walikuwa wanajua adui yao ni nani. Sisi hata jina hatujaulizwa.

Mafundi wenzangu, kabla hujapiga randa pindua paleti, tafuta lile suke la ngano. Ukikuta unga unatoka, choma hapo hapo, usimpe mtu kuni za Gede ama Jilore. Mimi zile 9 nimezichoma, na rundo la nje nimelichoma pia, kina mama nimewaeleza na wamenielewa.

Kile kipande kimoja sikukichoma. Nimekiweka kwenye chupa ya jemu, nimekitia spiriti, nimeandika tarehe juu. Kiko kwenye rafu ya karakana karibu na gundi. Anayehusika akitaka kuja kukichukua, aulize hapa mtaani fundi wa paleti, ataonyeshwa.

Wako,
Fundi seremala
Kisumu Ndogo, Malindi